Nataka kwanza kujua anakimbia mita ngapi

Mhariri, juma lililopita mliwauliza wasomaji mwanamume hufikia kilele cha uwezo wake wa riadha akiwa na umri gani. Nimefunza vijana mbio hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka 20, na swali hilo huletewa mara kwa mara na wazazi, hasa baba anayetaka kujua kama mwanawe wa miaka 22 amekwisha kuchelewa. Kabla ya kumjibu mzazi wa namna hiyo, humwuliza kijana wake anakimbia mita ngapi, kwa maana bila kulijua hilo nitakuwa nabahatisha tu.

Mbio fupi hutegemea nyuzi za misuli zinazojikunja kwa haraka, na nyuzi hizo ndizo zinazotangulia kudhoofika umri unaposonga. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwezi Agosti 2009, siku chache kabla ya kutimiza miaka 23. Aliendelea kushinda dhahabu za Olimpiki hadi 2016, lakini muda ule hakuufikia tena. Ferdinand Omanyala wetu alikuwa na miaka 25 alipokimbia kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021. Katika mita 800, David Rudisha alikuwa na miaka 23 alipoweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans-Nzoia, alitwaa dhahabu ya umbali huohuo mjini Paris mwaka 2024 akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 20. Mrusha mkuki huhitaji muda zaidi, kwa kuwa nguvu na ufundi wa kurusha havijengwi kwa msimu mmoja: Julius Yego alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 akiwa na miaka 26.

Marathoni ina hesabu yake. Ni kweli kwamba uwezo wa moyo na mapafu wa kupeleka oksijeni kwenye misuli huanza kushuka mtu akikaribia miaka 30, lakini kwa anayeendelea kufanya mazoezi hushuka polepole, na wakati huohuo miaka mingi ya kukimbia humfunza mwili kwenda kwa kasi ileile huku ukitumia nguvu kidogo. Eliud Kipchoge alikuwa na miaka 18 tu aliposhinda mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya Paris mwaka 2003. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki, na wengi wangeona kwamba mtu aliyeng'ara akiwa kijana hivyo sasa amekwisha. Mwaka uliofuata alihamia marathoni. Mwaka 2018, akiwa na miaka 33, akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 39 mjini Berlin, kisha akaipunguza kwa sekunde 30 katika mji uohuo mwaka 2022, akiwa na miaka 37. Carlos Lopes wa Ureno naye alikuwa na miaka 37 aliposhinda marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984.

Najua nitakumbushwa habari za marehemu Kelvin Kiptum, aliyekimbia kwa saa 2 na sekunde 35 mjini Chicago mwaka 2023 akiwa na miaka 23. Mfano huo ni mzito na siupuuzi. Hata hivyo kifo kilimchukua miezi minne tu baadaye, na kwa maoni yangu mbio zile zilionyesha alikofika. Hazikuwa kilele chake.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyowaharakisha wavulana. Nilipokuwa na miaka 17, katika michezo ya shule, nilikimbizwa mita 1,500, mita 5,000 na mbio za kupokezana ndani ya siku mbili, nikiwa tayari nalalamikia kano ya kisigino, kwa sababu shule ilihitaji pointi. Kano hiyo haikupona sawasawa, na nilipofika miaka 21, umri ambao mkimbiaji wa masafa ya kati anaanza kuiva, nilikuwa nimekwisha kuacha mbio. Ndiyo maana vijana wangu wa chini ya miaka 18 huwaruhusu mbio moja tu kwa siku, hata wazazi wakinung'unika.

Kwa hiyo jibu langu ni kati ya miaka 20 na 26 kwa mbio fupi na za masafa ya kati, na kuanzia mwisho wa miaka ya ishirini hadi katikati ya thelathini kwa marathoni, mradi mwili haukuvunjwa utotoni. Nina mkimbiaji mmoja, fundi wa ujenzi, ambaye hupanda nami alfajiri barabara ya kwenda kreta ya Menengai, ambako ukingo una kimo cha zaidi ya mita 2,200. Alipoanza akiwa na miaka 24 alikuwa akisimama mara mbili njiani. Mwaka huu ana miaka 31, na mwezi uliopita alifika juu bila kusimama, kwa muda ulio bora kuliko wote niliowahi kumwandikia daftarini.