Gutiere haiinami bure: maswali yenu ya musimu wa mvua

Tangu mvua irudi hapa Goma maswali juu ya gutiere, ule mufereji unaopokea maji ya paa, imekuwa mingi, nachagua chache. Wale wa bei ya manjanja (bati za paa) mwende kenkayeri (duka ya vifaa vya ujenzi), mimi siuzi kitu.

Gutiere yangu imeinama katikati sawa tumbo, nimeifunga na waya mara mbili na bado inarudi. Niweke waya nene zaidi? (Mama wa Ndosho)

Hapana mama, acha waya. Kila musimu watu wananiuliza juu ya waya, na waya inashika fasi moja tu, kando yake inainama, kesho utakuwa na tumbo mbili. Fanya hesabu: gutiere ya sentimita 10 kwa 10 ikijaa inabeba lita 10 kila meta, ni kilo 10, kwa nyumba ya meta 10 ni kilo 100 zinaning'inia kwenye ubao wako, na fundi ameweka kroshe (vyuma vya kushikilia gutiere) kila meta mbili juu makuta ya zingine amekula. Kroshe ni kila sentimita 50, basi. Toa kwanza maji na ule muchanga mweusi, inua gutiere na miti, kisha choma ubao wa nyuma na kisu. Kisu kikiingia bila nguvu, ubao umeoza, hata kroshe za dhahabu zitaanguka nao, badilisha. Na huku watu wanapenda kupigilia mukaratusi mubichi juu bei iko chini, unakauka, unajipinda, unasukuma misumari nje, ndiyo maana nasema vise (ile ya kuzungusha), si misumari, tena usirudishe vise mu tundu ya zamani, songa kidogo pembeni. Mwisho funga kamba toka upande huu mpaka ule, ishuke milimeta 5 kila meta kuelekea tiyo (bomba ya kushusha maji). Fundi akikuambia "naona na macho", mwambie afunge kamba.

Nani analipa, mpangaji ao bayeri (mwenye nyumba)? (Katindo)

Kusafisha ni kwako, ubao na kroshe ni kwake, na muandike hiyo mu kontra mbele ya kutoa garanti (pesa ya dhamana).

Nikiweka ya plastiki si shida inaisha, maana haishikwi na kutu? (Himbi)

Shida ya kutu inaisha ndiyo, ya kuinama hapana. Plastiki inalegea mapema kuliko bati, kwa hiyo kroshe ni palepale kila sentimita 50. Tena inarefuka na jua: kipande cha meta 10 kikipata joto ya digrii 30 zaidi kinaongeza karibu sentimita 2, sasa wewe umeibana huku na huku na kole (gundi), itaenda wapi? Itajikunja. Acha nafasi kwenye maungio.

Manjanja na gutiere vinatoboka haraka, ni volkano? (Papa wa njia ya Sake)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo papa. Moshi ya Nyiragongo iko na salfa, klorini na florini, upepo mara nyingi unaisukuma magharibi, kwenu kabisa, mvua inashuka na asidi na kukula bati. Gutiere yenye maji yamelala ndani inaoza mbele ya ile inayokauka, kwa hiyo ukiona tumbo usingoje. Hujaniuliza lakini nasema: kama sitereni yako (tangi ya maji) inajazwa na hiyo mvua na watoto wanakunywa, angalia meno yao, madoa ya kahawia inaweza kuwa florini. Na kuchemsha hakuitoi, maji inapunguka, florini inabakia. Mvua ya kwanza iache ipite, maji ya kunywa tafuta fasi ingine.

Naweza toboa tundu chini ya gutiere maji itoke haraka? (wengi, sihesabu tena)

Hii tena! Utatoboa, maji itashuka palepale chini ya ukuta, na nyumba nyingi za hapa ni planshi (mbao) juu ya mawe ya volkano, planshi ya chini itaanza kuoza wakati wewe unaangalia juu. Ao itaanguka kwa jirani na mtaonana kwa shefu wa avenue. Gutiere ikijaa ni mteremko mbaya, ni tiyo ndogo, ao ni majani. Panda asubuhi manjanja ikiwa kavu, mtu ashike ngazi, ingiza mkono mu mdomo wa tiyo. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki tu.