Taa ya faiba haiwaki: usinunue swichi nyingine bado

Ndugu yangu, umesema swichi ya mtandao (kile kisanduku kinachounganisha kompyuta) ya duka hapo Biashara Street na ile ya stoo orofa ya tatu zimeunganishwa kwa faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, taa ya poti, tundu la kuchomekea kebo, haiwaki, na fundi ataka ununue swichi mpya. Mwambie asubiri.

Geuza nafasi za nyuzi mbili, upande mmoja tu: inayotuma huku sharti ipokee kule. Ukigeuza pande zote mbili, umerudi palepale.

Kisha soma maandishi ya moduli za SFP, vile vipande vidogo vya kuchomeka kwenye swichi vinavyotuma na kupokea mwanga. Moja ikiwa 850 nm (urefu wa wimbi la mwanga wake) na nyingine 1310 nm, hazisikizani kamwe. Moduli za uzi mmoja huenda kwa jozi: hii hutuma 1310 na kupokea 1550, mwenzake kinyume. Wauzaji wengine hukupa mbili sawasawa, nawe hugundui. Kichwa cha kebo cha kijani nacho hakiolewi na cha buluu. Cha kijani kimekatwa mshazari digrii 8.

Futa ncha kwa spiriti safi (chumvi ya pwani hii!), na usichungulie uzi ulio hai, mwanga wake hauonekani lakini waumiza jicho.

Bado? Weka swichi meza moja, uzi mfupi kati yao. Taa ikiwaka, kagua kebo ya ngazini, hasa ilipokunjwa kwenye kona.