Ukili Unasubiri, Tui Halisubiri

Tanga, Jumanne

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu sana, goti lake limepoa na juzi alikwenda msikitini mwenyewe bila mkongojo.

Jumapili uliponipigia uliniuliza swali, na kabla sijalijibu simu ikakatika. Ulisema: "Mama, wewe uliwezaje? Ulikuwa unasuka, unapika kila siku, unasoma, na bado una nguvu za kuzunguka mji mzima kwa baiskeli. Mimi nimejiwekea ratiba kwenye simu, ikifika Jumatano imeshavunjika." Nilisikia sauti ilivyobadilika pale mwishoni. Tangu siku ile swali lako nalitafuna huku ukili, ule msuko mrefu mwembamba wa kushonea mkeka, uko mkononi, nikaona bora nikuandikie, maana mengine hayasemeki haraka haraka kabla bando halijaisha.

Kwanza nikutue mzigo mmoja. Wewe unatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, siku nyingine unarudi saa mbili usiku, na njia nzima umesimama kwenye gari. Hapa mtaani Ngamiani hakuna mwanamke ninayemjua aliyeishi siku ya namna hiyo na bado akasuka mkeka. Mimi kazi yangu ilikuwa barazani. Shangazi yako alikuwa chumba cha pili, jirani akienda sokoni alikuwa ananichukulia na mimi, na nazi mlikuna ninyi watoto kwa zamu, tena mkigombana nani akalie mbuzi. Ulichokiona ulipokuwa mdogo ni mama mmoja anafanya mambo manne. Nyuma ya mama huyo walikuwapo watu sita.

Na hilo la kusoma, mwanangu, umesahau. Unakumbuka jioni nimekaa na gazeti, lakini gazeti lilikuwa mkononi mwako! Mimi nilikuwa nasuka, wewe unanisomea. Ulianza ukiwa darasa la tatu, unalikwaa kila neno refu, nami nakurudisha nyuma mpaka ulitamke sawasawa. Ulipofika darasa la sita ulikuwa unasoma kwa sauti ya mtangazaji, na shangazi yako alikuwa anatoka chumbani kwake kuja kusikiliza. Miaka yote ile nilisoma kwa macho yako.

Jambo hilo nililikuta kwa bibi yako. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi yako alikuwa hajui hata kuandika jina lake. Akaingia kisomo. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya nilikuwa na miaka kumi, na nakumbuka vizuri watu walivyokuwa wakikusanyika chini ya mwembe, redio imewekwa juu ya kiti katikati. Redio ikimaliza, mmoja anasoma kitabu cha kampeni kwa sauti, kisha wanajadiliana: maji ya kunywa yachemshwe, nyasi zifyekwe karibu na nyumba, nani hana choo aende akasaidiwe kuchimba. Bibi yako alikuwa anakaa pembeni, ukindu, yale majani ya kusukia, uko kwenye kitambaa chenye unyevu, vidole vinakwenda. Siku ilipofika zamu yake ya kusoma aliweka ukili chini, akasimama, akasoma ukurasa mmoja mzima. Aliporudi kukaa alikuwa anatetemeka. Akauokota ukili wake pale pale alipouacha, akaendelea.

Hapo kwenye kuuokota ndipo ninapotaka uniangalie vizuri.

Ukili unasubiri. Ukindu ukishauchana na kuulowesha kidogo ili usivunjike, unapishanisha, jani likikaribia kuisha unachomeka jingine, na kilichokwisha unakiviringisha kando. Mtoto akilia unauweka. Mgeni akipiga hodi unauweka. Ukirudi baada ya siku tatu unalowesha tena, na pale ulipoishia ndipo unapoanzia. Siku nyingine nilisuka pima nne, siku nyingine hata shibiri sikufika. Siku ya kushona kili ziwe mkeka na kutia pindo, hakuna anayeweza kuonyesha shibiri ile ya siku mbaya iko wapi.

Tui halisubiri. Muhogo umeshaiva kwa tui jepesi, sasa unamimina tui zito. Kuanzia hapo upawa hautoki mkononi. Moto unaupunguza, unakoroga polepole, unateka na kumimina, unateka na kumimina, macho yako kwenye sufuria. Ukigeuka kubishana na mtu mlangoni, ukirudi limeshakatika, mafuta yamepanda juu na chini kumebaki mabonge. Tui lililokatika utalila, lakini halirudi.

Mimi sikuwahi kuwa na ratiba. Nilichojua ni kipi kinasubiri na kipi hakisubiri, basi. Kisichosubiri nilikifanya kwanza, na wakati nakifanya sikuwaza kingine. Kinachosubiri nilikiacha bila kujilaumu. Ratiba yako ya kwenye simu imeyapanga yote manne kana kwamba ni tui. Saa moja mazoezi, saa mbili kupika, saa tatu kufuma, saa nne kusoma. Ukichelewa foleni dakika arobaini, yote yamekatika kwa pamoja, halafu unalala na huzuni. Kufuma kwako kunasubiri, mama. Kitabu kinasubiri. Viache visubiri.

Lakini kuna kimoja kilinidanganya, nacho ni mwili.

Mwaka ule ulipoingia sekondari nilipata oda ya mikeka sita ya harusi. Pesa ile ndiyo iliyolipa sare zako na godoro la bweni. Miezi miwili nilikaa chini kuanzia asubuhi mpaka taa ya usiku. Chakula nilitafuta cha haraka, na cha haraka kwetu kilikuwa ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na ugali, chumvi juu ya chumvi. Baiskeli iliegemezwa ukutani mpaka magurudumu yakaisha upepo. Mwili ulinyamaza, nikadhani na wenyewe unasubiri kama ukili. Alasiri moja nikainuka niende kutawadha, ukumbi ukazunguka, nikashika mlango. Zahanati wakanipima, presha 170 kwa 105.

Yule muuguzi hakunifokea. Aliniuliza nakaa saa ngapi kwa siku na chumvi naitia vipi, akaniambia nitembee au niendeshe baiskeli nusu saa, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamtajia mtu mzima. Chumvi akasema isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, tena uhesabu na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Dawa niliandikiwa na mpaka leo nameza.

Nikajaribu kutembea jioni kwa ajili ya kutembea tu. Wiki ya kwanza nilikwenda, ya pili nikaenda mara mbili, ya tatu sikwenda. Mwili hauna sauti kama sufuria. Ndipo nikaufungamanisha na kisichosubiri. Nikaacha kununua samaki kwa wachuuzi wanaopita hapa mlangoni, nikawa nakwenda mwenyewe soko la samaki la Deep Sea kwa baiskeli. Samaki hasubiri. Vyombo vikishaingia, ukichelewa unakuta changu wamekwisha na waliobaki macho yamefifia. Kwenda na kurudi ni kama dakika arobaini za kukanyaga pedali, kwa mara nne za wiki nimeshapita zile 150 bila kumwambia mtu nafanya mazoezi. Na samaki mbichi hataki chumvi nyingi, ndimu na pilipili vinamtosha.

Sasa wewe huna Deep Sea hapo Mbagala, lakini lazima kipo kisichosubiri ambacho unaweza kukifuata kwa miguu. Ulinieleza kuna mama anauza mboga asubuhi Jumamosi na Jumapili kule mwisho wa barabara, zikifika saa mbili zimekwisha. Basi mboga zako zote zitoke kule, na uende kwa miguu. Kati ya wiki, ile jioni utakayofika nyumbani na mwanga bado upo, zunguka mtaa kabla hujafungua mlango. Ukishafungua mlango na kuvua viatu hutatoka tena, nakujua.

Kupika usikuache, ila usipike kila usiku. Jumamosi loweka maharage, Jumapili yachemshe sufuria kubwa bila nazi, gawa kwenye vibakuli, vingine vigandishe. Siku ukirudi umechoka unakaanga kitunguu na nyanya, unatia kibakuli kimoja, tui la kiasi hicho tu, dakika kumi na tano umekula. Usiyaunge yote kwa nazi siku ya Jumapili, tui huchacha upesi na utamwaga sufuria nzima. Kisamvu nacho kichemshe vizuri mpaka kiive kabisa kabla ya kukiweka, kibichi kina sumu, usisikilize wanaokiharakisha. Na siku ambayo hata kitunguu huwezi, nunua chipsi zako ule ulale. Sitakuuliza.

Kufuma kwako sitaki ukupangie saa. Viweke kwenye mkoba, uzi na sindano, pamoja na kitenge. Pale kituoni gari linapochelewa, mishono kumi inatosha. Vitabu ukivitaka bila kununua, Maktaba Kuu ipo pale Barabara ya Bibi Titi tangu tarehe 9 Desemba 1967, kajiandikishe siku ukiwa mjini. Ila najua kusoma ukiwa umesimama kwenye daladala hakuwezekani, na usiku macho yamekwisha. Hilo ndilo nililowaza zaidi kuliko yote.

Mimi pia, mwanangu, usiku herufi zinanikimbia. Miwani ninayo, lakini chini ya taa inaniumiza kichwa. Mikono bado mizima, nasuka mpaka saa nne, ila nasuka kimya. Baba yako anawahi kulala. Shangazi yako ndiyo hivyo tena, Mwenyezi Mungu amrehemu. Gazeti linakaa mezani mpaka linafungiwa vitumbua.

Kesho kutwa nampa kondakta wa basi kifurushi chako. Ndani kuna kifumbu kipya cha kuchujia tui, nimekisuka wiki iliyopita, kioshe na kukianika juani kila ukikitumia la sivyo kitavunda. Kuna ukindu wa rangi tatu, nimeufunga kwenye gazeti. Na kuna ukili nilioanza, pima moja na nusu, ncha nimeiacha wazi.

Alhamisi baada ya isha nitakupigia mimi, vocha yako itunze. Ukishakula, kaa na kitabu chochote unachotaka, hata kama ni ukurasa mmoja. Nisomee. Wiki ijayo utasuka wewe, na mimi nitamwomba mtoto wa jirani aje anishikie taa nikusomee.

Mama yako