Mkono wako umefanya vyema kusita

SWALI: Fundi, salaam. Mimi na binti yangu wa miaka 15 tumemaliza jana usiku kuunganisha kompyuta ya nyumbani, kipande kwa kipande. Kila kitu ni kipya isipokuwa kebo mbili za umeme wa diski, nilizozitoa kwenye pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) yetu ya zamani kwa kuwa ni ndefu zaidi. Binti anataka kuiwasha sasa hivi, mimi mkono unasita. Tukague nini kwanza? – Baba Zuhura

JIBU: Baba Zuhura, mkono wako umefanya vyema kusita. Kabla ya lolote, chomoeni kebo hizo mbili na mtumie zilizokuja na pawasaplai mpya, hata kama itabidi diski isogezwe. Upande unaoingia kwenye diski ni uleule kwa kompyuta zote. Upande wa pili, ule wa kwenye pawasaplai, haufuati kanuni moja: kila mtengenezaji hupanga pini zake apendavyo, na hata matoleo yake mwenyewe huweza kutofautiana. Plagi itaingia vizuri kabisa, kumbe njia iliyopaswa kuleta volti 5 inaleta 12, na diski inaungua papo hapo. Nilimuunguzia dada yangu diski kwa namna hiyo. Ilikuwa na picha za harusi yake, na nakala nyingine haikuwepo. Inaniuma hadi leo. Sasa kebo za kila pawasaplai nazifunga kwenye mfuko wake, na sizichanganyi kamwe.

Makosa mimi huyagawa mafungu mawili: yanayounguza, na yale ambayo kompyuta itagoma tu kuwaka. Muda wenu utumieni kwenye fungu la kwanza.

Plagi ikiwa nje ya soketi, liinamisheni kasha taratibu huku na huku mkisikiliza kama kuna skrubu inayobingirika. Je, mlihesabu viguzo vya shaba, vile vifupi vinavyouinua ubao mkuu kutoka kwenye kasha, kabla ya kuulaza? Kila kiguzo kinapaswa kukutana na tundu la ubao. Kinachobaki bila tundu hugusa mgongo wa ubao na kupiga shoti. Kama hamkumbuki, utoeni ubao mtazame. Inachosha, najua, lakini mimi ningeutoa.

Nyuma ya baadhi ya pawasaplai kuna swichi ndogo ya 115 na 230. Iwe upande unaolingana na umeme wa nyumba yenu. Kisha angalieni plagi mbili zinazofanana, zote za pini 8: ya prosesa (ubongo wa kompyuta) hugawanyika 4 na 4, ya kadi ya grafiki (inayotengeneza picha za skrini) hugawanyika 6 na 2. Ikikataa kuingia, msiilazimishe. Ya kadi isukumeni hadi mwisho, kwani plagi iliyoingia nusu hupata moto ikayeyuka. Mwulize binti pia kama alibandua karatasi ya plastiki chini ya kipoza joto cha prosesa. Wengi huisahau.

Fungu la pili ni jepesi. Vipande vya ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vibane hadi vilie "tak", na waya wa skrini uingie kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao mkuu.

Sasa mwache Zuhura abonyeze, kasha likiwa wazi ubavuni, na wewe kidole kiwe kwenye swichi ya pawasaplai. Ukisikia harufu ya kuungua, zima bila kujadiliana. Skrini ikibaki nyeusi huku feni zinazunguka, na ram yenu ni ya aina ya DDR5, subirini dakika kadhaa: mara ya kwanza ubao hujipima na ram hiyo, na kuzima katikati hurudisha kazi mwanzo. Picha ikitokea, ingieni kwenye ukurasa wa bayosi (mipangilio ya ubao mkuu) msome joto la prosesa. Likipanda kupita nyuzi 80 na hakuna kazi inayofanyika, zimeni mkikaze upya kipoza joto. Likitulia kwenye 40 hivi, fungeni ubavu wa kasha.