Je, idadi ya sheria na michango inatosha kupima kazi ya Bunge?

Swali: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu Bunge la Tanzania. Nimetengeneza programu inayosoma Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard, kumbukumbu za yanayosemwa bungeni) na kuhesabu mara ambazo jina la kila mbunge linatokea, kisha nikaongeza idadi ya sheria zilizopitishwa kila mwaka. Nikijumlisha hesabu hizo na kuzigawa kwa siku za vikao, je, nitakuwa nimepata kipimo sahihi cha utendaji?

Jibu: Kabla ya kujumlisha chochote, chukua siku moja ya Taarifa Rasmi uisome kwa macho yako. Katika kipindi cha maswali utakuta jina la mbunge likifuatwa na mabano yenye herufi K.n.y., yaani kwa niaba ya. Aliyesimama ni mmoja, mwenye swali ni mwingine, na programu yako itawapa alama wote wawili. Wapo pia waliochangia kwa maandishi, ambao maneno yao yamechapwa ingawa hayakusikika ukumbini.

Hayo yanarekebishika. Kinachonichosha, nami hukutana nacho karibu katika kila tasnifu ninayoletewa, ni imani kwamba sheria moja ina uzito sawa na nyingine. Sheria Namba 7 ya mwaka 2017 ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, jina ambalo halimshtui mtu, lakini humo ndimo Sheria ya Madini ilimobadilishwa: mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ya mchimbaji kwa Serikali, ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji, na Tume ya Madini ikaundwa. Katika jedwali lako hiyo ni moja. Sheria ya kuidhinisha matumizi ya Serikali, ambayo hurudi kila mwaka wa fedha kwa sababu pasipo hiyo fedha hazitoki Mfuko Mkuu wa Hazina, nayo ni moja. Tena muswada ule wa madini uliletwa kwa hati ya dharura na kupita ndani ya siku chache, kwa hiyo ukigawa kwa siku za vikao, haraka yenyewe inaliongezea Bunge alama.

Ukitaka kuona mkono wa wabunge, nenda kwenye Kamati ya Bunge Zima, hatua ambayo wabunge wote hukaa kama kamati kupitia muswada ibara kwa ibara. Katibu anapotaja ibara moja moja, Taarifa Rasmi huonyesha kwenye mabano kama ilipitishwa "bila mabadiliko yoyote" au pamoja na mabadiliko. Zihesabu ibara hizo, kisha linganisha muswada uliochapishwa katika Gazeti la Serikali na sheria iliyosainiwa na Rais, ukiuliza kila badiliko lilitoka kwa nani: mbunge, kamati, au Serikali yenyewe kupitia jedwali la marekebisho. Kazi hii ni ya miezi, na hakuna programu itakayokuondolea usomaji.

Ninasema kwa ukali kwa sababu hauko peke yako. Kila mkutano wa bajeti unapokwisha, simu zetu hujaa orodha za wabunge bora zilizopangwa na watu wasioeleza walichohesabu, na humo mbunge aliyesimama mara ishirini kuunga mkono hoja humpita yule aliyeshinda na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu katika Kamati ya Hesabu za Serikali. Hata idadi ya sheria, ambayo wapangaji hao huiona kuwa ngumu kama jiwe, hutikisika. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila kuishirikisha Seneti ni batili, na Novemba 2021 Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya uamuzi huo. Aliyekuwa amepanga mabunge ya Afrika Mashariki kwa wingi wa sheria angelazimika kuliandika jedwali lake mara tatu.