Jibu: Mimea ya ndani inayovumilia baridi

Ndugu, umeuliza kwa nini mimea yako hufa kila majira ya baridi ilhali chumba kina hita, na safari hii uchukue ipi. Mara nyingi muuaji si baridi, ni maji. Mwanga ukipungua mmea hukua polepole na hunywa kidogo. Ukimwagilia kama wakati wa joto, mizizi inaoza. Mimi niliua mishubiri miwili hivyo kabla sijashtuka.

Anza na sansevieria (mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga) au zamioculcas (mmea wa majani yanayong'aa, huitwa pia ZZ). Ya kwanza huweka maji kwenye majani yake manene, ya pili kwenye viazi vyake vya chini, kwa hiyo wiki 3 bila maji si neno. Chomeka kidole udongoni. Ukihisi unyevu, acha. Mshubiri nao ni mzuri, ila unataka dirisha lenye jua. Kangaga achana nazo, hita hukausha hewa mno. Usiku sogeza vyungu mbali na kioo, maana chini ya nyuzi 10 hivi mimea hii huanza kuumia.

Una paka? Zote tatu zina sumu akizitafuna, ziweke asikofika.