Bunduki ya babu: usiipige msasa

Ndugu uliyeuliza kuhusu Lee-Enfield, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, aliyoiacha marehemu babu yako, nakuomba usimsikilize huyo fundi aliyekwambia ipigwe msasa, mbao ipakwe vanishi na chuma kitiwe rangi upya. Nilisaidiana na mjomba wangu hapa Mji wa Kale kuishughulikia ya kwake, na tulichotaka ni kuisimamisha kutu tu. Alama ya kiwanda, taji na mwaka viko ubavuni, pale kitako kinapoungana na chuma. Msasa ukipita hapo umefuta historia yake, na hairudi.

Lakini cheti kwanza. Kwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kuwa na bunduki bila cheti ni kosa hata ikiwa kuukuu. Mjomba anacho, na kazi yote tuliifanya kwake, yeye akiwa hapo. Kama chenu kilikuwa kwa jina la babu, malizeni hilo na polisi kabla ya kugusa kitambaa. Halafu ihakikishwe haina risasi. Mambo ya ndani mwachie fundi wa silaha mwenye leseni.

Kutu ya hapa pwani ina chumvi ndani yake, ndiyo maana ukiifuta leo inarudi. Paka mafuta mepesi ya mashine, iache ilowe usiku kucha, kisha sugua kwa nyuzi za chuma zile laini kabisa, daraja la 0000. Penye vidonda, chukua waya mnene wa shaba nyekundu, uponde ncha iwe bapa, ukwangue nao polepole. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, haiachi mikwaruzo. Vipande vidogo kama pete za mkanda tulivichemsha dakika 20 katika maji ya betri, yale safi ya kuongezea, si asidi. Kutu nyekundu ikageuka nyeusi, ikatoka kama masizi, na chini yake weusi wa zamani ulikuwepo bado. Nilifurahi sana kuuona.

Kabla ya kufungua chochote, shika hili: kama yako ni ile fupi ya Mark III, iliyoanza kutumika 1907, usiguse skrubu ndefu iliyo ndani ya kitako mpaka uwe umevua mbao ya mbele. Ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba na imeshikwa na mbao ya mbele. Ukianza kuizungusha, unaipasua mbao. Nyingi zimeharibika hivyo, na bisibisi isiyoenea vizuri nayo inakula vichwa vya skrubu.

Mbao yenyewe iwe ya mjozi au ya aina nyingine, jeshi la Uingereza liliitunza kwa mafuta ya kitani. Safisha uchafu kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Palipobonyea weka kitambaa kibichi, pitisha pasi ya moto, mvuke utainua nyuzi za mti. Ila kaa mbali na mihuri, kwani nayo itainuka na kupotea. Baada ya hapo matone machache ya mafuta ya kitani, usugue kwa kiganja mpaka kipate joto, ufute yaliyobaki. Rudia siku nyingine. Msimu wa masika usiwe na haraka, hayakauki upesi.

Vitambaa vyenye mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka nyumba ikiwa imelala. Vitandaze nje vikauke kimojakimoja, au vitie majini.

Mwisho tulipaka chuma nta nyembamba, ili kukikinga na jasho la mikono. Mjomba haiweki tena kwenye mfuko wa ngozi, maana unashika unyevu. Inakaa wazi ndani ya sefu yake, na pakiti za kunyonya unyevu anazibadilisha. Vumbi la kutu likianza tena, litaanzia chini ya mbao ambako hulioni, kwa hiyo uifungue tena ukague kabla ya kusi kuingia.